Mboga Bado

Sifa ni zako, ee Mungu, uliyeweka njaa ndani ya mwanadamu ili asijione anajitosha, kisha ukaotesha mchicha hata juu ya kifusi. Nakushukuru kwa miaka uliyonipa, na kwa macho ambayo bado yanasoma. Nakushukuru pia kwa watu wakali uliowaleta njiani mwangu, maana wapole nimewasahau wengi, lakini wakali sijamsahau hata mmoja. Niongoze nimwandike mmoja wao bila kumpamba na bila kumwonea.

Jina lake sitalitaja. Wapakiaji wa malori pale Mgeta, katika milima ya Uluguru, walikula kwake kila siku ya soko, na hata wao hawakulijua. Walimwita Mama Ntilie, kama wanavyoitwa wanawake wote wanaopika na kupakulia watu chakula barabarani. Lakini kwetu, ukisema Mama Ntilie bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni yeye, na wengine walijishika shavu.

Mtu wa kwanza niliyemwona akipigwa naye alikuwa dereva wa lori la kabichi, mtu wa Dar es Salaam, mnene, mwenye maneno mengi. Alikula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, akala mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ili wenzake wacheke, "Mama, leo hukupika mboga. Umetulisha majani kama mbuzi."

Mama Ntilie alimwacha amalize tonge la mwisho, anyanyuke, anawe, ajifute mikono kwenye suruali. Ndipo alipochomoa mwiko kutoka kwenye ugali unaotokota, akampiga nao kwenye kiwiko. Ugali wa moto ulimganda mkononi, dereva akaruka na kupiga kelele kama aliyeumwa na nyuki.

"Majani ni nini kama si mboga?" Mama akamwuliza. "Ulimalizaje ugali wangu bila mboga? Uliusukuma kwa mate?"

Yule dereva alirudi wiki iliyofuata, akiwa na kovu jekundu kwenye kiwiko, akaagiza majani ya maboga.

Nilifanya kazi ya ukatekista katika vijiji vya huko juu kwa miaka mingi, na banda lake lilikuwa njiani mwangu. Lilikuwa la mabati, na ndani yake mlikuwa na mabenchi mawili na mafiga yasiyopoa. Nikitoka kufundisha watoto wa kipaimara nilipita kula. Alikuwa amenizidi umri, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kunitazama, akiendelea kukatakata nyanya kana kwamba zina deni naye.

Neno hili mboga lilikuwa kama shamba lake, na hakutaka mtu akanyage mpaka. Kwake mboga ilikuwa kitu chochote kinachoshindilia ugali uende chini: maharage, dagaa, kabichi, nyama ya nguruwe siku ya sikukuu, maziwa ya mgando. Mtu akimwuliza "Leo mboga gani?" akajibu "Nyama," hakuona ajabu yoyote, wala sisi hatukuona. Siku moja alikuja karani mmoja aliyekulia pwani, akajaribu kumweleza kwamba kwao mboga ni za majani peke yake, na kwamba nyama au samaki huitwa kitoweo, kwa sababu mtu hutowea nacho, yaani hula wali wake kwa kuchovyachovya. Mama alimsikiliza vizuri. Kisha akamwambia, "Hilo ni neno la watu wanaochagua. Mimi hapa sina wa kuchagua. Toa mguu wako kwenye kuni zangu."

Juu ya asili ya neno lenyewe alikuwa na imani yake. Alisema mboga ilizaliwa na boga. Watu wa kwanza, alisema, walipanda maboga, njaa ikawashika kabla boga halijakomaa, wakala majani yake, na jina likashuka kutoka kwenye tunda hadi kwenye jani, kisha likasambaa kwenye kila kitu. Swali hilo nililipeleka kwa padri mmoja mzee wa mjini Morogoro ambaye alipenda sana kusoma habari za lugha. Padri alifurahi kuulizwa. Alisema neno hili ni la kale na ni letu, halikuja na Mwarabu wala Mzungu. Wanyarwanda husema imboga, na Waganda wana emboga, ingawa wao wanalitumia zaidi kwa kabichi. Kwa hiyo limetembea na watu wa bara tangu kabla mtu yeyote hajaandika chochote. Habari ya boga alisema inawezekana, lakini maneno kufanana si ushahidi.

Nikamrudishia Mama jibu hilo kama lilivyo.

"Huyo padri amewahi kupika?" akauliza.

"Sidhani."

"Basi."

Naamini padri ndiye aliyekuwa sahihi. Mama alipenda tu hadithi yake, na mtu mwenye mwiko hapingwi kwa urahisi.

Katika mafundisho ya ubatizo, ambayo aliyafuata akiwa mtu mzima, alinisumbua kuliko wanafunzi wangu wote. Tulipofika kwenye sala ya Baba Yetu, pale tunapoomba mkate wetu wa kila siku, alinyoosha mkono.

"Katekista, mkate na nini?"

"Mkate tu, Mama. Maana yake ni riziki yote."

"Sasa kama ni riziki yote, kwa nini hawakuitaja mboga? Atupe mkate mkavu utukwame kooni?"

Darasa zima lilicheka. Nilimweleza kwamba Bwana alisema na watu kwa chakula walichokijua, na kwamba neno moja laweza kubeba mengi. Alinikubalia hilo, maana hata neno lake lilibeba mengi. Lakini tangu siku hiyo, tukisali pamoja, nilimsikia akiongeza kwa sauti ya chini baada ya mkate, "na mboga." Sikumkataza. Mungu hujua kusikia kinachosemwa pembeni.

Hivi ndivyo alivyokuwa. Alisali kwa machozi siku ya Jumapili, na Jumatatu akamng'oa mtu nywele. Nilimwona akimbeba mgonjwa wa kichaa mgongoni hadi zahanati. Nilimwona pia akimwagia mtoza ushuru maji ya kuoshea samaki. Yatima walikula kwake bila kulipa, lakini yatima aliyelamba mwiko alichapwa na mwiko huohuo. Vijana walimtania kwa mbali: "Mama, mimi mtoto wa tajiri, mtoto wa mboga saba, nipe zote saba!" Naye alijibu, "Nitakupa makofi saba, uchague la kuanzia." Walicheka, lakini walisogea.

Kulikuwa na sheria moja tu katika banda lile. Mtu mwenye tonge mkononi hapigwi. Awe amekosa nini, awe amemtukana nani, maadamu anakula, hakuna mkono utakaomgusa, hata wa Mama mwenyewe.

Nilimwuliza sheria hiyo aliitoa wapi. Siku hiyo hapakuwa na wateja. Alinionyesha mdomo wake wa juu, palipokuwa na mshono wa zamani uliovuta ngozi.

"Mume wangu," alisema. "Alinipiga nikiwa na tonge mdomoni. Nililimeza pamoja na jino. Mapigo mengine yote nimemsamehe, Katekista, hata yale ya tumboni. Lile la sahani nimemwachia Mungu aamue."

Wageni walidhani sheria ile ni ya huruma. Haikuwa ya huruma, na niliona mwisho wake kwa macho yangu. Wapakiaji wawili waligombania zamu ya kupakia karoti. Mmoja alimkimbiza mwenzake na panga mpaka bandani. Mama aliwakalisha, akaweka sahani moja katikati, akawaambia wale. Walikula wakitazamana, panga likiwa juu ya benchi kati ya magoti yao, na hakuna aliyenyanyua mkono. Walimaliza. Wakanawa kwenye beseni moja. Wakatoka nje, na hatua chache kutoka mlangoni yule wa kwanza akamkata mwenzake vidole viwili.

Nilikimbia na kitambaa kuzuia damu. Nilipogeuka, Mama alikuwa anasugua sahani yao.

"Ungewazuia," nilimwambia.

"Walikuwa wameshakula," akasema.

Basi ndiyo maana niliogopa sana siku ile ambayo ndiyo hasa inayonifanya niandike.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko. Nilikuwa nimeshapewa ugali na maharage, nimefanya ishara ya msalaba, niliposikia kule barabarani, "Mwizi! Mwizi!" Sauti hiyo, aliyeisikia anaijua, haifanani na kelele nyingine yoyote. Kijana mmoja aliingia bandani mbio, akajikwaa kwenye benchi. Alikuwa mmoja wa wapakiaji, wa kijiji cha juu mlimani, mpole, asiye na maneno. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika na shati lilikuwa limelowa damu mpaka kiunoni. Nyuma yake walikuja vijana wa bodaboda, kundi zima la kijiwe, wameshika fimbo na minyororo. Mmoja alikuwa na tairi begani. Mwingine alishika chupa ya petroli, kizibo kimeshatolewa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Alfajiri ile mwenzao mmoja alipigwa nondo kichwani kwenye barabara ya kushukia mjini, na pikipiki yake ikachukuliwa. Alikuwa amelala zahanati, hasemi. Kisha kulipokucha wakamwona huyu kijana anatembea sokoni na helmeti ya mwenzao mkononi, anauliza watu ni ya nani. Alisema ameiokota mtaroni. Hawakungoja amalize kusema.

Mama Ntilie alimshika kola, akamkalisha kando yangu, akatupa bonge la ugali kwenye sahani mbele yake.

"Shika."

Kijana alimtazama bila kuelewa.

"Shika tonge, mjinga wewe!"

Akashika. Ugali ukabadilika rangi kwa damu ya vidole. Wale vijana walikuwa wamefika mlangoni, wakasimama. Wote walikuwa wanakula pale. Wote waliijua sheria.

Kiongozi wao, kijana wa mjini mwenye mabega mapana, akasema, "Mama, tupe huyo."

"Anakula."

"Tutamsubiri amalize."

"Msubirini. Na hilo tairi lisiguse benchi langu, linanuka." Kisha akanigeukia. "Katekista, kula naye. Mtu hali peke yake kama mbwa."

Nikaingiza mkono katika sahani ile. Sijawahi kula chakula kizito namna ile. Nilisali kila tonge.

Ugali ulipungua. Wale waliokuwa mlangoni walitazama sahani kama watu wanaotazama mpira. Tonge la mwisho lilipoingia kinywani, mmoja akapaza sauti, "Amemaliza! Ugali umekwisha!"

"Mboga bado," Mama akasema, akionyesha maharage yaliyobaki. "Mnataka ale mboga tupu?" Akaongeza ugali.

Tukala. Maharage yakaisha, ugali ukabaki. "Mboga imekwisha sasa!"

"Ugali bado. Nani amewahi kula ugali mkavu kwangu?" Akaongeza kabichi.

Kila mtu katika nchi hii ameshawahi kuhangaika hivyo mezani, huku kumebaki, kule kumekwisha, unaongeza, unapitiliza, unaongeza tena. Mmoja wa vijana wale alicheka bila kupenda. Lakini kicheko hakikudumu. Jiwe lilirushwa kutoka nyuma, likampata Mama juu ya jicho. Damu ilimshuka hadi kidevuni. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akakoroga sufuria.

Wakati huo walikuwa wamemleta baba wa kijana, mkulima wa njegere aliyeishi karibu na soko. Hapo wageni walifanya kosa ambalo mtu wa Uluguru asingelifanya. Walimwambia baba alipe au aseme mtoto wake afanywe nini. Baba akasema lile ambalo kwetu ni la kweli: "Mimi nimemzaa, lakini si wa ukoo wangu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Aitwe mjomba wake, ndiye mwenye neno."

Wale vijana, wengi wao wa mikoa mingine, walidhani anamkana mwanawe. Mmoja akampiga kofi lililomwangusha chini. "Baba gani wewe!" Wazee wa Kiluguru waliokuwepo wakaingia kati, wakapiga kelele kwamba ni kweli, ndivyo ilivyo, mjomba ndiye anayejibu. Mtu akatumwa juu mlimani. Njia ya huko ni ya kupanda kwa kushika magoti, na mjomba alikuwa mzee. Kwa hiyo uhai wa yule kijana ukawa ndani ya sahani yetu, na sisi tulikuwa tumeshashiba.

Tulikula kabichi ikaisha. Tulikula dagaa. Tulikula viazi vilivyokuwa vya wateja wa mchana. Kijana akatapika pale pale chini ya benchi, na kiongozi akapiga hatua ndani. "Ametapika! Amemaliza huyo!"

"Aliyetapika tumbo lake ni tupu," Mama akasema, akimwaga majivu juu ya matapishi. "Ndiyo kwanza ana njaa. Rudi nje."

Akarudi.

Halafu masufuria yakaisha kweli. Ugali ulikuwepo, lakini mboga ya kuweka kando yake haikuwepo. Mama alichukua kibati cha chumvi, akamwaga kidogo ukingoni mwa sahani, akaongeza maji ya moto.

"Hapana," kiongozi akasema. "Hiyo ni chumvi. Hiyo si mboga, Mama. Usituchezee."

Mama akamsogelea mpaka pua zao zikakaribiana. "Mama yako alikulea na nini siku ambazo ndani hamkuwa na kitu? Hujawahi kula ugali na maji ya chumvi?"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Ulipomwuliza mama, leo mboga gani, alikujibu nini?"

Kiongozi akatazama chini. "Chumvi," akasema.

"Basi kaa mlangoni."

Mjomba alifika amelowa jasho, shati amelifunga vifungo kombo. Wakamfungulia njia. Alisimama mbele ya wale wenye minyororo, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye mwenye huyu. Neno lake ni langu. Ukoo utajibu."

Nilidhani yamekwisha. Nilianza kushukuru. Lakini kiongozi akatikisa kichwa. "Kujibu ni kwenu. Mwenzetu yuko zahanati ubongo unavuja. Sisi tunataka damu, mzee. Hatutoki hapa bila damu." Na wale wa nyuma wakaitikia, na yule mwenye chupa akaanza kuitikisa.

Katika sahani lilikuwa limebaki tonge moja. Mama alilitazama. Akamtazama kijana.

"Meza," akamwambia.

Kijana alilia. Alijua, kama nilivyojua mimi. Alilimeza.

Akafungua kinywa ili aseme kitu, na kabla neno halijatoka Mama alikuwa ameshanyanyua mwiko kwa mikono miwili. Ulimpata begani. Nilisikia mfupa ukikatika, sauti kavu kama ya kuni. "Mwizi mkubwa wewe!" Akampiga mgongoni. "Unaiba, halafu unakuja kula kwangu!" Akampiga mdomoni, meno yakatoka. Alimpiga akiwa ameanguka, akampiga mbavuni, mwiko ukapasuka, akaendelea na kipande kilichobaki. Nilimshika kiunoni, akanisukuma nikaangukia mafiga. Damu ilikuwa kwenye mabati, na kwenye sahani tuliyokula.

Aliyepaza sauti alikuwa kiongozi wa wale vijana. "Mama! Mama, basi! Basi, utaua!"

Akasimama, akihema. "Nani anataka kuongeza?" akauliza. "Aje aongeze. Nimewabakizia."

Hakuna aliyekuja. Yule mwenye tairi alilishusha polepole, akaliegemeza ukutani kama mtu aliyesahau alilibebea nini. Wakaondoka mmoja mmoja. Mjomba alimshika kijana kichwani na baba akamshika miguuni, wakapanda naye mlimani.

Yule dereva wa bodaboda alipona, Mungu asifiwe, ila hakukumbuka aliyempiga. Pikipiki haikuonekana. Ukoo wa kijana ulijibu kama mjomba alivyoahidi, ukalipa pikipiki. Kijana mwenyewe, mfupa uliposhikana, aliondoka Mgeta. Tulisikia yuko Dumila, anauza vitunguu pale njia panda. Mtu akimtaja, alisema, "Yule mwizi aliyeokolewa na Mama Ntilie." Na Mama alisifiwa. Watu walikuja kutoka mbali kula katika banda lake ili waonyeshwe benchi. Kila aliposifiwa alifoka, nasi tukadhani ni unyenyekevu.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa mjini Morogoro, katika wodi ya wanawake. Alikuwa amepata kiharusi. Upande mzima wa kulia ulikuwa umelala, na mdomo umeshuka. Nilikwenda kumwona, nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Nilimwuliza kama nimwombe padri amletee Komunyo.

"Siwezi kupokea," akasema. "Nina jambo."

Padri akaja, nami nikasubiri nje. Alipotoka hakuniambia kitu, wala haikunipasa kuuliza. Nilipoingia, Mama alikuwa ameukazia macho ukuta.

"Ameniambia nimwone yule kijana," alisema. "Mtafute, Katekista. Upesi."

Nilimpata kwa simu kupitia watu wa mjomba wake. Akasema atakuja. Aliposhuka basi sikumtambua. Alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi, bega moja limeshuka kama kanzu iliyotundikwa vibaya.

"Shikamoo, Mama," alisema pale kitandani.

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa.

"Nisamehe bega," Mama akasema.

"Bega nimeshasamehe. Bega nalibeba mwenyewe." Alizungumza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno kwa miaka. "Jina ndilo wanalibeba wanangu. Shuleni wanaitwa watoto wa mwizi. Mama, mimi sikuiba."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mtu yule naye aliinama ili asikie.

"Najua," Mama akarudia. "Alfajiri ile ulikuwa kwangu unapasua kuni. Ulitoka kumeshaanza kupambazuka. Mtu wa nondo alikuwa ameshapita zamani."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wale? Wangesema tumegawana, wangechoma banda na wewe ndani." Alipumzika, akavuta pumzi. "Ungekuwa huna kosa, wao ndio wangekuwa na kosa. Walishakuchana sikio. Wangekuua ili wasiwe na kosa. Lakini mwizi aliyekwisha pigwa, huyo wanajua kumwacha. Ulitaka kusema hukuiba. Ndiyo maana nilikuwahi."

Mtu yule alishika ukingo wa kitanda. "Na baadaye?" akauliza. "Miaka yote hii, Mama?"

Machozi yalimtoka Mama kwenye jicho moja tu, lile lililokuwa zima. "Baadaye walinisifu," alisema. "Wakanisifu, nikanyamaza. Hilo ndilo nililoungama. La mwiko sikuliungama, silijutii. La kunyamaza."

Wodi ilikuwa na kelele za kawaida, vikombe, kikohozi, muuguzi anaita majina. Mtu yule alitoa simu mfukoni, akaibonyeza ianze kurekodi, akaielekeza kwa Mama.

"Basi sema," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Waambie wao. Waambie na wanangu."

Mama akaniashiria nimwinue. Nilimshika kwapa la kushoto, naye mtu yule akamshika la kulia kwa mkono wa bega lake zima, simu ikiwa katika mkono wa pili. Tukamkalisha. Alijaza kifua, na ile sauti iliyokuwa ikiwatawanya wapakiaji ikatoka kwenye nusu ya mdomo.

"Jamani! Huyu hakuiba!"

Wanawake wote wakageuka. Muuguzi akasimama. Mama mmoja aliyefungwa plasta mguuni, ambaye hakutujua hata kidogo, akauliza, "Hakuiba nini, bibi?"

"Hakuiba chochote! Nilimwita mwizi, na nilijua si mwizi!" Kisha akamtaja kwa jina lake kamili, na jina la ukoo wa mama yake, mara mbili, ili lisikike vizuri kwenye simu.

Yule mama wa plasta akasema, "Tumesikia, bibi. Tumesikia wote." Mtu yule akazima simu. Hapo ndipo alipokaa kitandani kando ya Mama, bega lake bovu likimwegemea, wala hakunyanyuka tena mpaka wauguzi walipokuja kutuambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Nawe unayesoma, Mungu akupe chakula na mtu wa kula naye. Akukinge na mikono ya wenye hasira, na ulimi wa wanaoujua ukweli wako wakanyamaza. Na kama kuna jina la mtu umelikalia, akupe pumzi ya kulitangaza wakati mwenyewe angali hai alisikie. Amina.